Maneno Yaliyovuka Ukurasa

Mama Tereza alicheka mpaka akautua chini ungo wa usipa, wale dagaa wa ziwani, aliokuwa akiupepeta.

"Mimi? Mimi nimvute Rogasian kutoka kwenye moto? Afande, umewahi kumwona Rogasian? Yule akipanda mtumbwi, wenzake wanashuka. Mimi hata ndoo ya maji siku hizi najitwisha kwa kusaidiwa."

Sajenti Veneranda Kapinga alikuwa amekwisha kumnyooshea kalamu. Hakuja kuhoji mtu asubuhi ile ya Jumamosi. Alikuja kuchukua saini moja iliyobaki, arudi kituoni, afunge jalada la moto ulioteketeza ghala la kikundi cha wavuvi pale Chiwanda wiki mbili nyuma. Mtuhumiwa, mzee Othmar, alikuwa mahabusu tangu jana yake. Jumatatu saa nne angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuchoma ghala. Mlinzi, Rogasian, alikuwa bado amelazwa, moshi umemchoma koo, hawezi kutamka neno.

"Mama, haya ni maelezo yako mwenyewe," alisema Veneranda. Alifungua kitabu chembamba chenye jalada la buluu. "Uliyatoa mbele ya baraza la kijiji, kesho yake baada ya moto. Sikiliza. 'Tereza. Kwa sababu niliingia ndani nikamvuta Rogasian kwa mikono miwili mpaka mchangani. Mimi nauza usipa. Niliona moshi nikiwa nyumbani.'"

"Hayo ya usipa na moshi ni yangu. Hayo ya mwanzo siyajui." Mama Tereza alijipangusa mikono kwenye kanga. "Halafu wewe, mtu anaanzaje kuzungumza kwa 'kwa sababu'? Kwa sababu ya nini?"

Veneranda alitazama mstari ule. Alikuwa ameusoma mara nne au tano. Katika taarifa yake kwa mkuu wa kituo alikuwa ameandika kwamba mwanamke huyu anastahili kupongezwa.

"Basi nani alimvuta?"

"Si Othmar! Ufukwe mzima uliona. Katoka anamvuta Rogasian, mikono inatoa moshi."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulituuliza?" Mama Tereza aliacha kucheka. "Ulikuja na karatasi na pingu. Na kitabu chako kikasomwa pale mizani, kwamba Othmar kakiri mwenyewe kubeba petroli. Watu wakasema, labda serikali imeona kitu ambacho sisi kilitupita. Mimi pia nilisema hivyo. Mungu anisamehe."

Veneranda aliirudisha kalamu mfukoni. Ijumaa, pale pale kwenye mizani ya kupimia usipa, mzee Othmar alimwambia maneno mawili tu. La kwanza, hakusema habari ya petroli. La pili, yeye ndiye aliyemtoa Rogasian. Naye Veneranda akamjibu kwa sauti, watu wamejaa: "Baba, unaiba hata wema wa mwanamke?" Tangu hapo mzee hakufungua tena kinywa.

Aliaga bila kunywa maji aliyokaribishwa.

*

Ilipofika saa nane mchana alikuwa Mbinga mjini, mlimani, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo za kahawa. Hapo ndipo kitabu cha buluu kilipotengenezwa. Mwenye chumba alikuwa Christopher, kijana wa Mbuji aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita. Kazi yake ilikuwa kuchukua madaftari yaliyoandikwa kwa mkono, ya vijiji, ya vikundi, ya parokia, kuyachapa kwenye kompyuta na kuyapanga upya ili yasomeke. Daftari la Chiwanda aliletewa kwa picha za simu, moja kwa kila ukurasa. Mashahidi kumi na wawili waliosimulia ovyo akawapanga kila mmoja chini ya jina lake. Veneranda ndiye aliyeagiza kazi hiyo, na alifurahi sana kuipata kwa siku mbili.

"Afande, karibu. Kuna ukurasa umefifia?"

"Kaa chini, Christopher. Mama Tereza hakumwokoa mtu. Nionyeshe maneno yale yametoka wapi."

Kijana aligeuza kompyuta ili wote wawili waone. Kwenye kioo kulikuwa na maneno ya daftari, na katikati yake alama ndogo ndani ya mabano, nyingine ya kufungua, nyingine ya kufunga.

"Haya mabano ndiyo yanaiambia mashine kitu gani ni kitu gani," alisema. "Hapa ukurasa wa arobaini na mbili unaanza, huku unaisha. Hapa maelezo ya mtu yanaanza, huku yanaisha. Halafu programu yangu inapita, inakusanya maelezo ya kila mtu, inageuza kuwa kitabu."

"Nionyeshe Tereza."

Alifungua picha ya ukurasa wa arobaini na tatu. Juu kabisa, mstari wa kwanza: kwa sababu niliingia ndani nikamvuta Rogasian. Jina la Tereza halikuwa juu ya mstari ule. Lilikuwa pembeni mwa karatasi, kwa wino mwekundu, mistari miwili chini yake.

"Mistari hii miwili iko juu ya jina lake," alisema Veneranda. "Kwa nini umempa yeye?"

Christopher alisogea karibu na kioo. Alipeleka kidole kwenye kioo, akakirudisha.

"Haikuwa na mwenyewe. Maelezo ya Othmar yaliishia chini ya ukurasa wa nyuma. Yana dole gumba pale chini. Nikajua amemaliza. Kwenu polisi si ndivyo? Mtu akitia dole gumba, amemaliza."

"Ndivyo."

"Kwa hiyo programu nikaiambia, ikikuta mistari juu ya ukurasa haina jina, impe mtu anayefuata kwenye ukurasa huo. Nilidhani karani amechelewa tu kuandika jina pembeni."

"Na kama mtu hajamaliza? Kama anazungumza kuanzia ukurasa huu mpaka ule?"

"Hapo..." Kijana alijikuna shingo. "Hapo mashine inakataa. Afande ni wa wapi?"

"Mapera."

"Basi ngolo umelima, kilimo chetu cha mashimo na matuta. Tuta moja la ngolo, ni la shimo lipi? La juu au la chini?"

"La yote mawili. Tuta lazima lishike mashimo pande zote."

"Sasa mashine hii haikubali tuta la mashimo mawili. Kwake kila kitu kiwe kizima ndani ya kingine. Nimeufanya ukurasa kuwa shimo, na maelezo ya mtu nayo shimo. Maelezo yakianzia ukurasa mmoja yakaishia mwingine, mipaka inapishana, mashine inagoma. Inasema kuna kosa."

"Ukafanya nini ilipogoma?"

"Nilimfunga mtu mwisho wa ukurasa." Sauti yake ilishuka. "Nilimkata, afande. Ikaacha kulalamika, nikafurahi."

"Mara ngapi?"

Alibonyeza vitufe, akahesabu kwa macho, akahesabu tena.

"Mahali kumi na saba. Katika daftari hili."

Nje mtu alikuwa akipakua magunia. Kila gunia lilipotua, meza ilitikisika kidogo. Veneranda alikifungua kitabu cha buluu kwenye maelezo ya Othmar, yale aliyoyapigia mstari mwekundu kwa mkono wake mwenyewe: nilibeba dumu la petroli, nikapita nyuma ya ghala, nikaliacha mlangoni. Sikumwambia mtu. Mikono yangu iliungua vibaya.

"Haya ya petroli. Yako juu ya jina la Othmar au chini yake?"

Christopher alisogeza mpaka ukurasa wa arobaini na mbili. "Juu."

"Aliyetangulia ni nani?"

"Jastin. Fundi wa mashine za boti."

Veneranda alikwisha kutoa simu. Jastin alikuwa kijana mwenye nguvu, mwenye petroli kila siku, na hakuwa amemhoji hata kidogo kwa sababu maelezo yake kitabuni yalikuwa ya mistari michache tu. Alitafuta namba ya konstebo wa zamu.

"Afande unampigia nani?"

"Nimkamate Jastin kabla hajavuka ziwa."

"Subiri kwanza. Tafadhali. Hujaisoma pamoja na nusu yake ya kwanza."

"Christopher, dumu la petroli limekiriwa hapa."

"Na Ijumaa lilikuwa limekiriwa vilevile."

Kidole cha Veneranda kilibaki juu ya simu. Kijana hakungoja ruhusa. Alianza kufuta mabano yote ya ukurasa, moja baada ya jingine. Mahali pa kila ukurasa akaweka alama moja ndogo isiyofungua wala kufunga kitu.

"Ukurasa hautakuwa shimo tena," alisema akiendelea kuandika. "Utakuwa kigingi tu. Kigingi kinasema, hapa ukurasa wa arobaini na mbili umeanza, basi. Hakimzuii mtu kupita. Mtu anazungumza mpaka amalize."

Ilimchukua saa nzima. Alipogeuza upya, maelezo ya Jastin yalitoka kwenye printa yakiwa mazima, na Veneranda aliyasoma amesimama:

Rogasian alinipigia simu akasema mafuta ya mashine ya boti yamekwisha, niletee. Akaniambia nisiingie nayo ndani maana amewasha jiko la mkaa, anasikia baridi. Basi jioni ile nilibeba dumu la petroli, nikapita nyuma ya ghala, nikaliacha mlangoni. Sikumwambia mtu. Sasa nadhani alfajiri aliliingiza mwenyewe.

Kitabu cha buluu kilimwachia Jastin maneno haya yakaishia "Basi jioni ile". Veneranda alikuwa ameuona mwisho huo uliokatika. Alikumbuka hata alivyowaza: wazee wa kijijini, karani kachoka, twende mbele. Na sentensi ya mwisho, ile ya dumu kuingizwa ndani, ilikuwa imezikwa chini ya jina la Othmar, nayo hakuipigia mstari.

Aliirudisha simu kwenye mkoba.

"Nina parokia mbili," alisema Christopher, hakumtazama. "Na kikundi kimoja cha akina mama wa Mbuji. Wote nimewatengenezea kwa programu hii hii. Sijui nimempa nani maneno ya nani. Nitawaandikia leo. Mmoja mmoja."

"Waandikie. Mimi hakimu hatanipokelea kigingi chako. Atasema umepanga mara ya kwanza, sasa umepanga mara ya pili, lipi ni la kweli? Nataka daftari lenyewe."

*

Jumapili baada ya misa aliketi sakristia na mzee Aidan, katibu wa parokia na karani wa baraza. Kaunta buku, lile daftari la baraza, lilikuwa kabatini, limefungwa kwenye mfuko wa unga. Mzee Aidan alilifungua polepole. Hakuonyesha kushangaa kwamba afande amerudi.

"Mlituma kijana na simu," alisema. "Akapiga picha paa, paa, paa, akaondoka. Hakukaa hata kuniuliza nimeandikaje."

"Nisamehe mzee. Nakuuliza leo. Dole gumba hili chini ya ukurasa maana yake nini?"

"Maana yake huyu mtu amezungumza kwenye ukurasa huu."

"Siyo kwamba amemaliza?"

"Amemaliza nini? Hapana. Hapa kwetu aliyezungumza kwenye ukurasa anaufunga ukurasa. Zamani mtu mmoja alichana karatasi moja katika kesi ya mpaka wa mashamba ya mihogo, na hatukuweza kumbana. Toka siku ile hakuna ukurasa unaogeuzwa kabla wenye maneno hawajaweka vidole. Ukizungumza kurasa tatu, unatia mara tatu. Mkizungumza wawili kwenye ukurasa mmoja, mnatia wawili."

Veneranda aligeuza mpaka ukurasa wa arobaini na mbili. Kwenye picha za simu, kivuli cha mpiga picha kilikuwa kimefunika chini yote, doa jeusi moja tu. Kwenye karatasi yalikuwa madoa mawili. Moja kubwa, pana, limekolea mpaka kwenye mikunjo ya ngozi. La pili dogo, kama la mtoto.

"Hili dogo la nani?"

"Othmar. Dole gumba lilikuwa na bendeji, mikono yote miwili. Alitia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ndicho pekee kilichosalia wazi." Mzee Aidan aliinua macho. "Lile kubwa ni la Jastin. Litazame na kwenye ukurasa wa nyuma yake."

Alitazama. Ukurasa wa arobaini na moja, doa lile lile pana. Akafungua wa arobaini na tatu: kidole kidogo cha Othmar kimekuja tena, kando yake dole gumba la Mama Tereza. Kama Othmar angekuwa amemaliza ukurasa wa nyuma, kidole chake kisingefika hapa. Na kama maneno yote ya arobaini na mbili yangekuwa yake, Jastin asingetia.

Alipiga picha mwenyewe safari hii, karibu na dirisha. Ya kwanza ilitoka na ukungu, akarudia.

"Bendeji uliiona Ijumaa?" aliuliza mzee Aidan.

"Niliiona."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani ni ushahidi."

Mzee Aidan alilirudisha daftari kwenye mfuko wa unga, akaufunga kwa kamba, akakaza fundo mara mbili.

*

Mkuu wa kituo, Inspekta Meshack, alizitazama picha kwa muda mrefu kuliko Veneranda alivyotazamia. Kisha akasukuma simu juu ya meza.

"Mwachie. Leo, kabla giza halijaingia. Mpe gari mpaka kwake. Jalada nitaliandikia mimi."

"Na watu, bwana mkuu? Kitabu kiko kwa mtendaji, kiko kwa kikundi, kimesomwa pale mizani."

"Veneranda. Polisi hasimami ufukweni kuomba radhi. Leo utaomba kwa Othmar, kesho kila mwizi wa nyavu atataka naye aombwe. Mwachie kimya kimya. Watu wanasahau."

Alikwenda mahabusu. Mzee Othmar alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yenye bendeji juu ya magoti, viganja juu. Binti yake, Kalista, alikuwa upande wa pili wa nondo akimlisha ugali wa muhogo, tonge kwa tonge. Vidole vya mzee havikuweza kukunjika.

"Shikamoo, baba."

Kalista alisimamisha tonge hewani. Mzee alitafuna mpaka akamaliza kilichokuwa mdomoni.

"Marahaba."

Veneranda alichuchumaa. Alimweleza yote, kuanzia kwa Mama Tereza mpaka vidole vya ukurasa wa arobaini na mbili. Hakumtaja Christopher kwa ubaya. Alisema kijana alikata maneno kwa kutokujua, na yeye aliyasoma yamekatika akayaacha hivyo kwa haraka zake. "Maneno ya Ijumaa pale mizani niliyasema mimi. Hayakutoka kwenye mashine. Nakuomba radhi, baba. Mlango uko wazi, gari liko nje."

"Gari la nini?"

"La kukupeleka nyumbani."

"Sasa hivi? Jioni hii, watu wako kwenye nyumba zao?" Mzee alitikisa kichwa. "Ulinichukua alfajiri, mitumbwi inaingia, wanunuzi wamejaa. Wajukuu zangu walikuwa pale. Mmoja ameulizwa shuleni kama babu yake anachoma watu. Mimi nikirudi na giza watasema nimeachiwa kwa huruma ya uzee."

"Baba, twende tu," alisema Kalista, machozi yakimtoka. "Tumeshajua wewe hukufanya. Yatosha."

"Wewe ulijua tangu mwanzo. Sikuwa na shida na wewe." Alimgeukia Veneranda. "Nitalala hapa. Kesho alfajiri ukitaka, nirudishe uliponichukua."

Mlango wa mahabusu ulibaki wazi usiku kucha, na mzee alilala ndani.

*

Jumatatu kulipokuwa kunapambazuka, mitumbwi ya usipa ilikuwa imekwisha kuingia, taa zake zinazimwa moja moja. Wanunuzi walikuwa wamejipanga kwenye mizani na ndoo zao. Gari la polisi lilisimama pale pale, na minong'ono ikaanza.

"Wamemrudisha!"

"Anakuja kuonyesha alikomwaga petroli."

"Nyamaza wewe, hana pingu."

Inspekta Meshack hakujua. Angejua akifika ofisini saa tatu, na Veneranda alikuwa amekwisha kuandika barua yake ya maelezo, iko juu ya meza ya mkuu, imesainiwa. Alimshika mzee mkono wa juu, mahali pasipo na bendeji, akamsaidia kushuka. Mzee Aidan alikuja na mfuko wa unga, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa arobaini na moja, akampa Veneranda. Kwenye umati afande alimwona Jastin, kofia mkononi, na Mama Tereza nyuma yake.

"Wazazi wangu, ndugu zangu," alisema Veneranda. "Ijumaa nilimkamata mzee Othmar hapa. Nilikosea. Nilimtukana hapa hapa mbele yenu. Alikuwa anasema kweli. Naomba mnisikilize nisome alichosema, kutoka kwenye daftari lenu wenyewe."

Alisoma maneno ya Jastin, mazima. Alipogeuza kufuata dumu la petroli hadi mlangoni, watu walimtazama Jastin, naye akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ni yangu. Kisha Veneranda akafika kwenye jina jekundu la Othmar.

"'Mimi ni Othmar. Nilikuwa natengeneza wavu nilipoona moto. Mikono yangu iliungua vibaya'"

Ukurasa uliishia hapo. Upepo wa ziwani ulikuwa ukizikandamiza karatasi, na vidole vya Veneranda vilikuwa vimelowa, karatasi ikagoma kuachana na mwenzake. Akajaribu tena. Aliyekuwa akimimina usipa aliishika ndoo ikiwa imeinama. Mwishowe ukurasa uligeuka.

"'kwa sababu niliingia ndani nikamvuta Rogasian kwa mikono miwili mpaka mchangani.'"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Wanaume wa mtumbwi wa karibu walitazama miguu yao ndani ya maji. Veneranda alilishika daftari likiwa wazi, hakujua kama alifunge au aendelee kulishika.

"Soma tena," alisema mzee Othmar. "Wa kule nyuma hawakusikia."